Vidole Viwili kati ya Ngome na Kasri

Wengi wamekwenda Zumbeni wakarudi, na kila aliyerudi amesimulia alichokiona. Mahadhi mwashi naye alirudi, ila yeye huulizwa mara tatu ndipo ajibu mara moja, na akijibu huanza na vipimo. Yafuatayo ni yale aliyokubali kuyasema, kwa jinsi yalivyofuatana.

Zumbeni ni nchi ya nyasi ndefu na mawe. Ina watu wa namna mbili, Wahanda na Waseto, wanaooana, wanaozikana na kuazimana chumvi. Kila upande una lugha yake, na kila mtu anazijua zote mbili. Hawagombani juu ya mvua, wala ng'ombe, wala mipaka. Kinachowagombanisha ni kimoja tu, nacho ni namna ya kuyaita majumba makubwa.

Mhanda akiona jumba la mawe huuliza: linafanya kazi gani? Likiwa limejengwa kuficha watu, ni ngome. Likiwa limejengwa ili watu walitazame na kumstaajabia mwenyewe, ni kasri, hata likiwa na minara kumi. Hakuna Mhanda anayeyachanganya hayo mawili, kama asivyoweza kuchanganya jembe na mkufu. Mseto kwa upande wake hana haja na kazi ya nyumba. Yeye huuliza: lina mnara? Na nani analala humo? Lenye mnara ni ngome, hata kama halijawahi kumficha kifaranga. Kasri, kwake, ni pale tu anapolala mfalme au kuhani mkuu, hata pakiwa pa udongo.

Siku yake ya kwanza Mahadhi alionyeshwa kibanda kilichoinama upande mmoja, mbuzi wakitafuna paa lake, na juu ya mlango kibao rasmi cha Kiseto: KASRI. Kuhani mkuu alilala pale usiku mmoja, mvua ilipomkamata njiani. Alionyeshwa pia banda la kuku ambalo mwenyewe, kwa kujifurahisha, alilijengea kimnara. Katika daftari la Waseto banda hilo ni ngome, na kuku wake saba wameandikwa kuwa ni kikosi.

Mahadhi hakucheka. Kwao pia aliwahi kujenga kuta za kitu kinachoitwa zahanati mpaka leo, na ndani yake hajawahi kuingia mgonjwa wala daktari. Alilizunguka banda la kuku, akaligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasema limejengwa vizuri.

Ugomvi huo ungebaki kuwa mchezo wa watu wenye nafasi, kama si sheria ya milango. Sheria ya Zumbeni ni fupi. Mlango wa ngome humfungukia yeyote anayefika akihema. Mlango wa kasri humfungukia aliyealikwa. Na watu wa Zumbeni huhema sana, kwa sababu ya moto. Kila baada ya miaka michache nyasi hukauka zikawa kama karatasi, upepo ukatoka mashariki, na moto ukapita nchi nzima kwa nusu siku. Hauzimiki. Mtu huukimbia au huuficha uso wake nyuma ya jiwe nene mpaka upite. Kwa ajili hiyo wazee wa kale walijenga jumba juu ya mwamba mtupu, kuta zake unene wa mtu aliyelala, na badala ya madirisha wakaacha nyufa nyembamba zisizopitisha hata ngumi. Moto ulipokuja, kijiji kizima kiliingia, kikakaa gizani kikikohoa na kutaniana, kikatoka kesho yake. Hakuna aliyekumbuka mtu kufa humo, isipokuwa bibi mmoja aliyekufa kwa uzee, na hata yeye, walisema, alikuwa amesubiri afike ndani kwanza.

Mahadhi alipanga kwa Rehani, mjane wa makamo aliyeishi na baba mkwe wake, Mzee Kilindo. Nyumba yao ndiyo iliyokuwa ya mwisho chini ya mwamba. Mzee Kilindo alikuwa mwashi pia, bora kuliko wote katika nchi ile, lakini miguu yake ilikwisha kumkataa. Alishinda kwenye kiti mlangoni, uso kwenye kilima.

"Shikamoo, mzee," Mahadhi alimwamkia siku ya kwanza.

"Marahaba, fundi. Sogea hapa nilipo mimi. Sasa tazama juu. Unaona nini?"

Mahadhi alitazama. Katika ukuta ule wa kale, mahali palipokuwa na nyufa, palikuwa na madirisha matatu makubwa yaliyometameta kwa vioo.

"Madirisha."

"Madirisha, anasema!" Mzee alimgeukia Rehani aliyekuwa akipepeta mtama. "Mwashi mzima anaona madirisha. Yale, fundi, ni matao matatu yasiyo na zege hata chembe. Mawe yamekaliana yenyewe. La katikati nimelikata kwa mikono hii."

"Ulikata na pumzi yetu, baba," Rehani alisema, hakuinua uso.

Mahadhi alikuja kuelewa maneno hayo baadaye. Miaka mitano nyuma, Mtukufu aliyekaa katika jumba lile aliwaita watu, akawaambia kwamba anaona aibu. Wageni wakija Zumbeni, alisema, hupelekwa bonde la pili, ambako kuna kasri lenye taa na mapazia, na hili letu wanalifananisha na ghala la mahindi. Watu waliona aibu pia. Hakuna aliyewalazimisha. Walipanda wenyewe na nyundo zao, wakaimba, wakatoboa ukuta uliowaficha babu zao, na Mzee Kilindo akapewa heshima ya kung'oa jiwe la kwanza. Siku vioo vilipowekwa kijiji kizima kilikaa chini kutazama jua likizama ndani yake. Baada ya hapo mvua zilikuwa nzuri miaka minne mfululizo, na hakuna aliyeuliza kitu.

Mwaka huu nyasi zilikuwa zimempita mtu aliyembeba mtu.

Siku ya nne walikuja makarani wawili, Bwana Ndaro wa Wahanda na Bi Tunu wa Waseto. Walikuja pamoja kwa sababu sheria haimruhusu mmoja kutembea bila mwenzake, na walitembea hatua kumi mbalimbali kwa sababu hawakupendana.

"Tumeambiwa hapa pana mgeni," alisema Bwana Ndaro.

"Asiyefikisha usiku saba," alidakia Bi Tunu. "Amefikisha?"

"Anaingia wa nne," Rehani alisema. "Karibuni."

Wakaeleza shauri lao. Mtukufu amesafiri na watu wake kukimbia joto, akaacha walinzi na barua. Anataka kujua, kabla upepo haujageuka, kama jumba lake bado linapaswa kufungua mlango.

"Hakuna la kujua," alisema Bi Tunu. "Lina minara minne. Ni ngome. Lilikuwa ngome, ni ngome, na likitobolewa likawa chujio litakuwa ngome yenye matundu."

"Mwenzangu ana kikosi cha kuku," alisema Bwana Ndaro kwa upole. "Jumba lenye mapazia ya hariri linaficha nini? Linaonyesha. Kazi yake imebadilika, na jina limefuata kazi. Ni kasri."

"Nani analala humo? Mfalme?"

"Hata akilala punda."

"Punda anajua palipo na ngome kuliko wewe!"

Waliendelea hivyo mpaka uji ukapoa. Mahadhi alisikiliza kila upande kwa makini, akaona kila upande una maneno. Alichokiona pia, na hakukisema, ni kwamba katika muda wote ule hakuna karani aliyegeuza shingo kutazama nyasi.

Ikawa kama sheria inavyosema: Mhanda na Mseto wakishindwa, apime mgeni. Sharti awe hajafikisha usiku saba nchini, kwa maana baada ya hapo mtu huanza kuwa na maoni. Kipimo ni dirisha la katikati. Likiwa shubiri tatu au pungufu, ni tundu la kupumulia, na nyumba ni ngome. Likizidi shubiri tatu hata kwa unene wa ukucha, ni dirisha la kutazamia, na nyumba ni kasri. Shubiri yenyewe ni ya chifu aliyekufa zamani, imechongwa kwenye ufito unaotunzwa kwenye sanduku la makarani.

"Utapima kesho asubuhi," Bi Tunu alimwambia. "Ukipenda kupima."

"Akikataa?" Rehani aliuliza.

"Mlango unabaki ulivyo."

"Yaani umefungwa."

"Yaani ulivyo," alisema Bwana Ndaro.

Walipoondoka, Rehani aliweka ungo chini, akamgeukia baba mkwe wake.

"Baba, dirisha lako lina upana gani?"

Mzee Kilindo alitabasamu kama aliyeulizwa habari za mwanawe. "Shubiri tatu na vidole viwili. Fremu ya kioo ilikuja na shubiri tatu kamili. Mimi nikaona tao likikaa pale litabana, litaonekana kama mtu aliyefunga mdomo. Nikaongeza kidole huku, kidole huku."

Rehani akasema taratibu, kama anayemlisha mtoto, "Vidole viwili ni lipu, baba. Kidole huku, kidole huku. Fundi akipanda leo na chokaa, kesho asubuhi ni shubiri tatu. Sheria haikatazi lipu. Fundi, inakatazwa?"

"Sijasikia ikikatazwa," Mahadhi alisema.

"Lipu!" Mzee alishika mikono ya kiti. "Kwenye jiwe langu? Jiwe nililolilamba kwa patasi miezi miwili, mtu aje alipake uji kama jiko?"

"Moto ukipita tutalibandua, baba."

"Chokaa ikiingia kwenye jiwe lile haitoki. Muulize mwenzangu. Fundi, inatoka?"

"Huacha alama," Mahadhi alikubali, kwa kuwa ni kweli.

"Umesikia?"

"Nimesikia. Na wewe unisikie. Wengine wana miguu, watakimbilia mtoni. Wewe utakimbilia wapi? Mimi nikubebe mpaka mtoni, mwendo wa saa nzima, moto uko nyuma?"

"Hawatanifungia mimi. Mimi ndiye niliyewapa mwanga."

"Baba..."

"Mkamwana, basi." Kisha akamwambia Mahadhi, na sauti yake ilikuwa na woga wa aina nyingine kabisa: "Kesho pima sawasawa, fundi. Watu hawa hawajui kazi. Usije ukaniibia hata kidole."

Jioni ile Rehani alimfuata Mahadhi nyuma ya nyumba. Hakulia wala hakumshika mkono. Alimwambia tu kwamba chokaa ipo, gunia zima, na maji yapo, na mzee akilala hasikii kitu. "Au basi usipake. Sema tatu. Nani atapanda kuhakikisha? Wale wawili wanaogopa ngazi."

Mahadhi alifikiri. Alikuwa mtu aliyejifundisha kazi yake mwenyewe, bila bwana wa kumwelekeza, na kitu pekee alichokuwa nacho ni kwamba alichosema ni shubiri tatu kilikuwa shubiri tatu. Akaona pia kwamba si vyema mgeni kugusa kazi ya mwashi mwingine bila ruhusa yake, tena mzee, tena chini ya paa lake. Na nyasi zilikuwa bado zimetulia, na upepo haujageuka. Aliyapanga yote hayo moja juu ya jingine, kama anavyopanga mawe, na ukuta ukasimama vizuri.

"Nitapima kilichopo," alisema.

"Haya," alisema Rehani. "Lala salama."

Asubuhi alipanda, akapima mara tatu. Shubiri tatu na vidole viwili. Chini, Bwana Ndaro aliandika kwa mwandiko mzuri, na Bi Tunu, kwa uungwana wa mtu aliyeshindwa kihalali, akashika wino. Kibao kipya kilikuwa tayari kimechongwa. Mzee Kilindo alipoletewa habari alipiga paja. "Viwili! Nilisema nini? Miaka mitano, na havijapungua hata uzi!"

Siku ya sita, jua likiwa utosini, upepo uligeuka.

Kwanza ulipita mtu mmoja akikimbia, kisha kumi, kisha kijiji, kuelekea mtoni, na kuku, na mbuzi, na sufuria zikigongana. Moshi ulikuwa umekwisha meza bonde la pili. Rehani alimtazama baba mkwe wake, akautazama mto usioonekana, akakitazama kilima kilichokuwa mita mia tatu.

"Kilimani," alisema Mzee Kilindo. "Mimi watanifungulia."

Walimbeba, Mahadhi mbele na Rehani nyuma, na kiti chake. Alikuwa mwepesi. Njiani aliwaelekeza wapi pa kukanyaga, kwa kuwa ngazi zile alizichonga yeye. Walipofika, mlango ulikuwa umefungwa, na juu yake kibao kipya bado kinanuka mbao.

Rehani aligonga kwa ngumi mbili. Sauti ya mlinzi ikatoka kwenye kitundu.

"Nani?"

"Watu! Tunahema, fungua!"

"Hapa si ngome, dada. Ni kasri, tangu jana. Mna mwaliko?"

"Moto uko mgongoni kwangu, unaniuliza mwaliko?"

"Si mimi ninayeuliza. Mimi ningekuwa mimi, ningefungua. Lakini nikifungua, anayefungua ni mlinzi, na mlinzi hana ruhusa. Pole, dada."

"Mwambie ni Kilindo," alisema mzee kutoka kwenye kiti. Alijinyoosha, akaweka kofia sawa. "Mwambie ni yule aliyekata dirisha la katikati."

Jicho lilitokea kwenye kitundu.

"Nakufahamu, mzee," mlinzi alisema, na kwa sauti yake alikuwa anasema kweli. "Ni dirisha zuri sana. Asubuhi jua huingia mpaka mezani."

Mzee Kilindo alitikisa kichwa kukubali. Hilo ndilo neno la mwisho aliloonyesha kulielewa. Moshi ulifika kabla ya moto, mweusi na wa chini, na mwamba uliwazuilia miali lakini haukuwazuilia pumzi. Mahadhi na Rehani walilala kifudifudi katika pembe ya ukuta, wakiwa wamemweka katikati, khanga ya Rehani, aliyoilowesha mtungini kabla ya kutoka nyumbani, imewafunika watatu. Mahadhi anakumbuka alihesabu. Alipofika mia nne na kitu, kifua kilichokuwa kimebanwa kati yao kiliacha kupanda.

Karibu wakati huohuo mlango ulifunguka, kutoka ndani. Cheche zilikuwa zimepita kwenye dirisha la katikati, lenye nafasi ya vidole viwili pembeni mwa fremu, zikashika mapazia. Walinzi walitoka mbio wakikohoa, wakawaruka. Yule wa kwenye kitundu alirudi hatua mbili, akamvuta Rehani miguu hadi palipokuwa na hewa, akaenda zake.

Siku tatu baadaye makarani waliketi kuandika. Walikuta viti viwili ambavyo havikuungua, wakaviweka uani, kati ya nguzo nyeusi. Paa la jumba lilikuwa limeanguka. Bwana Ndaro alisema, kwa huzuni ya kweli, kwamba nyumba isiyo na paa haifichi wala haionyeshi, kwa hiyo Kihanda hakina neno la kuiita, labda magofu. Bi Tunu alisema minara miwili imesimama, na mnara ni mnara. Hawakupigana. Walikuwa wamechoka, na kila mmoja alikuwa amepoteza mtu.

Rehani aliitwa. Alikuja na Mahadhi, aliyekuwa amezidi usiku saba na hakufaa tena kupima chochote. Bwana Ndaro alimpa pole, akampa kigae cha maji, akasubiri anywe. Kisha akafungua daftari la mazishi. Alimweleza kwamba aliyefia katika ngome huzikwa kileleni pamoja na wazee walioijenga. Aliyefia katika kasri bila mwaliko ni mvamizi, na huzikwa nje ya mpaka wa kijiji. Ni jambo dogo la kuandika, alisema, lakini lazima liandikwe sahihi, kwa sababu haliandikwi mara mbili.

"Basi, mama. Mzee Kilindo alifia ndani ya nini?"

"Hakufia ndani," alisema Rehani. "Alifia nje."

Bwana Ndaro aliichovya kalamu, akaandika neno hilo. Akalitazama. Bi Tunu naye akainama, akalitazama. Kwa mara ya kwanza tangu Mahadhi awafahamu, waliinua nyuso zao pamoja na kuuliza kitu kimoja.

"Nje ya nini?"

Rehani alimrudishia Bwana Ndaro kigae. Hakuwatazama wao.

"Muulizeni fundi," alisema. "Yeye ndiye aliyepima."